Usitafute Baba Mmoja



Wanangu, hapa Kabonga, ufukweni mwa Burundi, mgeni haulizwi jina lake kwanza. Huulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Akijibu sawasawa, anavutiwa kigoda. Akibabaika, maongezi yanapoa. Najua wapo miongoni mwenu ambao swali hilo huwakaba koo. Yupo kijana aliyezaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, akaletwa huku akiambiwa anarudi kwao, na alipofika kwao hakuna aliyemjua. Yupo binti aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi, Kongo, na mama yake na wadogo zake, baba akabaki nyuma, na hadi leo hakuna habari zake. Wapo waliofiwa. Wapo ambao baba yu hai ila alipata nyumba nyingine akawasahau. Kwa nyote hii ni nchi mpya, hata kama karatasi inasema ni yenu. Nasema nanyi. Wazee wenzangu nao wakae wasikilize, maana mwisho nina neno lao.

Nasema kama mtu aliyepita njia hiyo. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi waliishambulia pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua majirani zetu Watutsi. Kisha jeshi la Rais Micombero likalipiza kwa Wahutu, nchi nzima, kwa wiki nyingi. Wanaokadiria waliokufa husema ni kati ya laki moja na laki tatu. Walimu, makarani, wanafunzi, wachuuzi, yeyote aliyejua kushika kalamu aliitwa akaenda. Baba yangu aliitwa akaenda. Mama alitutoa kwa miguu hadi Kagunga, upande wa Tanzania, tukashuka Kigoma, na baadaye tukahamishiwa Katumba, kwenye nyika ya miombo upande wa Mpanda. Wenzetu walipelekwa Ulyankulu kule Tabora, na wengine Mishamo ilipofunguliwa. Huko ndiko nilikopata ndevu.

Sasa neno langu lenyewe. Mtoto aliyepoteza baba ugenini hudhani amepoteza mtu mmoja, kwa hiyo huzunguka akitafuta mtu mmoja wa kukaa mahali pale. Mjomba huyu? Mchungaji yule? Mwenye boti? Kila anayemwekea mkono begani humuona kama baba, na kila anayeuondoa mkono humvunja moyo upya. Mimi nasema usitafute baba mmoja. Baba alikuwa na kazi zake. Zihesabu, kisha kila kazi itafutie mtu wake. Warundi husema umwana si uw'umwe, na Waswahili wamesema mkono mmoja haulei mwana. Kama mkono mmoja haukutosha baba alipokuwepo, iweje leo utafute mmoja wa kutosha peke yake?

Kazi ya kwanza ya baba ni kukupa asili. Hii usidhani ni mambo ya wazee kujisifu kwa koo zao. Katika nchi yetu ardhi hurithiwa kwa baba, na hakuna sheria ya mirathi iliyoandikwa ya kukuokoa mila ikikugeuka. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 nayo humfuata baba. Mama huhesabika pale ambapo baba hajulikani kisheria. Kwa hiyo mtoto asiyeweza kumtaja baba na babu na koline, yaani kilima, waliyotoka yuko hatarini kukosa mambo mawili kwa mpigo: shamba na karangamuntu, yaani kitambulisho. Niliyaona haya waliporudi wenzetu wa 1972. Kuanzia 2008 zaidi ya watu 50,000 walitoka makazi ya zamani ya Tanzania (Katumba, Ulyankulu na Mishamo) wakarudi Burundi, wengi wao huku kwetu Rumonge na Nyanza-Lac, wakakuta michikichi ya baba zao inavunwa na watu wengine. Tume ya ardhi, ile CNTB iliyoundwa 2006, ilisikiliza kesi hizo moja baada ya nyingine. Wengine waligawana na waliowakuta, wengine walirudishiwa lote, wengine waliambulia patupu. Aliyeweza kusema "mpaka wetu ulipita kwenye mkondo ule, na jirani yetu upande wa juu alikuwa fulani" alisikilizwa kuliko aliyekuja na machozi peke yake.

Mtu wa kukufanyia kazi hii ni mama yako, au bibi, au mzee yeyote aliyemfahamu baba. Usingoje awe mgonjwa ndipo umuulize. Chukua daftari. Andika jina la baba na majina yote aliyoitwa, maana wengi wetu tulibadili majina kambini. Andika babu na baba yake babu. Andika koline, zoni, komine na mkoa, na mkoa uuandike kwa jina la zamani na la sasa: tangu mikoa 18 ilipopunguzwa ikawa 5 mwaka 2025, Nyanza-Lac imo mkoa wa Burunga, lakini karatasi ya kambi ya mama yako inasema Makamba, na karani kijana anaweza kukurudisha nyumbani kwa tofauti hiyo tu. Andika majirani, hata wale mliogombana nao. Kisha cheti cha kuzaliwa, karatasi za kurudi za HCR, lile shirika la wakimbizi, kadi ya chanjo, ripoti za shule, kila kitu kiingie kwenye mfuko mmoja wa nailoni usiopitisha maji. Wanaovuka ziwa hili wanajua kwa nini nasema maji.

Na usimwonee haya baba yako kwa namna alivyoondoka. Kuna wanaofundishwa kumficha. Miaka ya 1985 na 1986 mtafiti mmoja, Liisa Malkki, alikaa na wakimbizi wetu Mishamo na wengine Kigoma mjini, na aliyoyaona ni kweli tupu kwa sisi tuliokuwapo. Wa Mishamo walikuwa wakisimulia 1972 asubuhi na jioni, mtoto akinyonya na habari hizo. Wa Kigoma mjini walikuwa wakijipitisha kama Waha au watu wa Ujiji, wakaoa, wakafanya biashara, wakanyamaza. Kila upande ulikuwa na sababu zake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kila mmoja alitafuta namna ya kutembea nayo. Lakini nilivyoona mimi, mtoto wa simulizi tupu alikua na hasira kuliko akili, na mtoto wa ukimya mtupu alikua hajui aseme nini siku ya kuulizwa. Wewe mjue baba yako kama mtu: alipenda chakula gani, alicheka vipi, alikuwa mvivu wa nini. Kifo chake kiwe ukurasa mmoja wa daftari, kisiwe daftari zima.

Kazi ya pili ya baba ni kukupa mkono wa kazi. Hapa sitawadanganya kwamba shule inatosha. Shule nendeni, hata ikiwa ngumu, na najua ugumu wake. Waliokulia kwenye makazi ya zamani walisoma kwa Kiswahili, wakafika huku wakakuta Kirundi na Kifaransa, mvulana mwenye ndevu akaketishwa na watoto wadogo. Waliovumilia mwaka wa kwanza wa kuchekwa ndio leo wanasoma barua za wengine. Ila pamoja na shule, mtoto wa kiume au wa kike anahitaji mtu mzima wa kusimama naye kwenye kazi moja mpaka aijue.

Katumba tulilima tumbaku. Jirani yetu alikuwa mzee wa kutoka Bururi, si ndugu, si wa ukoo wetu, na hakuwahi kuniita mwanangu. Alinifundisha bani, nyumba ya kukaushia tumbaku. Majani yakishachumwa hufungwa kwenye fito, fito zinapangwa juu kwa juu ndani ya bani, moto unakokwa kwa nje na joto linaingia. Jani lazima kwanza liwe manjano polepole, kisha ndipo joto lipandishwe likauke. Ukiharakisha linaiva rangi mbaya. Ukisinzia moto ukashuka, linaharibika, na kwenye mizani mnunuzi analishusha daraja mbele ya macho yako. Mzee yule aliniweka zamu ya usiku. Kila baada ya muda alikuja, akaweka kiganja kwenye ukuta wa udongo, akanusa, akaniambia ongeza gogo au punguza, akaondoka. Nilipata kwake kitu ambacho mama, pamoja na mapenzi yake yote, hakuwa na nafasi ya kunipa: mtu wa kunitazama nikifanya kazi na kunisahihisha bila kunionea huruma.

Hapa Kabonga watu hao wapo. Nyinyi mnawafuata usiku, wakati wa kuvua, wakati kila mtu ana haraka na taa zinawaka na nyavu zinateremka. Huo ni wakati wa kukanyagwa. Nendeni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa ndagala hawaji kwenye taa, vyombo vinavutwa mchangani, na wazee wanakaa na sindano na uzi wakishona nyavu mchana kutwa. Siku hizo mzee ana muda na ana maneno. Kaa pembeni, mshikie wavu, uliza. Binti naye aende kwa akina mama wanaoanika na kuuza, ajifunze kupima, kuhifadhi, kukopesha kwa akili na kudai bila kugombana. Au kwa fundi cherehani, au kwenye mashine ya mawese. Mtoto wa mwenye nyumba anaweza kuchagua kazi. Wewe ishike iliyo karibu, uijue vizuri, kisha uchague.

Kazi ya tatu ni kukukataza. Hii ndiyo mnayoikimbia, nami naiweka mbele ya zote kwa uzito. Mtoto wa mkimbizi huhurumiwa sana au husahauliwa sana, na yote mawili humfanya akue bila mtu wa kumwambia "hapana" akasikia. Mama anasema, lakini mama amechoka, na kijana akishapanda kimo anaanza kumjibu. Nasema na vijana wa kiume waliozaliwa wa kwanza: mnaambiwa tangu mna miaka 10 kwamba ninyi sasa ndio baba wa nyumba. Msikubali cheo hicho. Mchotee mama maji, mbebee mzigo, mletee senti. Lakini usimwamuru, usimchunge anatoka na nani, usiwapige dada zako kwa jina la marehemu. Wewe bado ni mtoto wake. Tafuta mtu mzima mmoja, imamu, mwalimu, kocha wa mpira, mama mkubwa, umwambie waziwazi: "Ukinisikia nimefanya ujinga, niite." Mpe ruhusa hiyo kwa mdomo wako mwenyewe, maana watu huku wanaogopa kumrudi mtoto asiye wao.

Kazi ya nne ni kukusimamia mbele za watu. Siku ya posa hakuna kijana anayejipeleka mwenyewe kutaja inkwano, yaani mahari, na hakuna binti anayejipokelea. Siku ya kesi hutaki kusimama peke yako. Siku unapopelekwa komine kuandikishwa ukiwa umechelewa, wanatakiwa mashahidi. Watu hawa hawapatikani siku ya haja. Hupatikana kwa miaka: umezika nao, umesherehekea nao, umebeba kiti na kurudisha kiti. Mtoto asiye na baba akose vyote asikose misibani.

Wapo watakaouliza kama kweli watoto wa namna hii hufika. Mtazameni Saido Berahino. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, baba yake akauawa vitani 1997, naye akaenda Uingereza akiwa na miaka 10 kuungana na mama yake mjini Birmingham. Klabu ya West Bromwich Albion ilimchukua angali mtoto, ikamkuza, akachezea timu za vijana za Uingereza. Mwaka 2019, Burundi ilipoingia kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika kule Misri, alikuwa amevaa jezi ya Intamba mu Rugamba. Simtaji ili nyote mkimbilie mpira. Namtaja kwa sababu nyumbani alikuwa na mama, mguu wake ulifunzwa na makocha ambao hawakuwa wa damu yake, na nchi ya baba yake ilipomuita alijua kuitika. Kazi ziligawanywa.

Na walio Waislamu wanajua mfano ulio mkubwa kuliko huo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa baba yake Abdullah ameshafariki. Mama yake alifariki naye angali mdogo. Babu yake Abdul Muttalib alimlea, kisha ami yake Abu Talib akampa ulinzi na safari za biashara. Walezi walipokezana. Wakristo nao wanamjua Musa aliyekulia nyumba ya wenyewe, na mtoto Yesu aliyekimbizwa usiku kwenda Misri.

Sasa nawaonya juu ya mtu atakayekuja kukuambia atakuwa kila kitu kwako: baba, kazi, jina, na kisasi juu. Huyo mjueni mapema. Mishamo, mwaka 1980, kilianzishwa chama cha siasa cha Wahutu, Palipehutu, na miongoni mwetu tuliokua bila baba kilivutia sana, kwa kuwa kilitupa kwa siku moja yote tuliyoyakosa: wakubwa wa kututuma, ndugu wa kula nao, na jibu la kwa nini baba hakurudi. Jibu hilo baadaye likapata bunduki. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, watoto wa pande zote mbili waliachwa bila baba, Watutsi na Wahutu, na baadhi ya waliowaacha hivyo walikuwa wenyewe mayatima wa zamani. Mtu akikuambia mtoto wa nyoka ni nyoka, muulize watoto anaowaita nyoka walikuwa na umri gani. Baba yako hadai damu kwako. Anadai usome, uoe au uolewe, uzae, umtaje.

Wapo wengine wasio na bunduki. Yupo anayekusanya watoto wa Makamba na Nyanza-Lac kwa ahadi ya mshahara mashambani Tanzania, wakifika wanalima msimu mzima kisha wanafukuzwa mikono mitupu. Yupo anayemwahidi binti kazi ya ndani Oman au Saudia, pasipoti anaishika yeye. Yupo mzee mwenye simu nzuri anayependa kumuita binti yatima "mwanangu" jua likizama. Dalili yao ni moja: wanataka usimwambie mtu mwingine. Mtu mwema atakayekufanyia kazi ya baba hataogopa wengine wajue. Akisema "hii iwe siri yetu", ondoka.

Yatima hadeki, wamesema wahenga, na nyinyi mmeambiwa hivyo mara nyingi ili mnyamaze. Mimi naisoma hivi: hakuna atakayekuja kukuuliza umekosa nini, kwa hiyo inuka ukaulize wewe. Kudeka hapana. Kuuliza, kuomba kufundishwa, kubisha hodi, hayo ni haki yako, na hakuna aibu ndani yake.

Neno la wazee wenzangu ni fupi. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka, mlikimbia ninyi pia. Mlilala ufukweni Kagunga na kipindupindu kikipita kati yenu, mkapakiwa kwenye meli ya Liemba hadi Kigoma, mkalala kwenye uwanja wa mpira. Nani aliwapa maji? Mtu msiyemjua. Mwaka mmoja kabla, 2014, Tanzania iliwapa uraia takriban 162,000 wa wenzetu wa 1972. Nchi jirani ilituvika jina lake. Muhajirina, wale Waislamu wahamiaji, walipofika Madina, Mtume hakuwaachia wenyeji wote kwa jumla; aliwaunganisha wawili wawili, mhamiaji na mwenyeji. Kwa jumla hakuna anayemlea mtoto. Basi kila mzee mwenye wavu, mwenye cherehani, mwenye duka, achukue mtoto mmoja na kazi moja. Hatakiwi kumlisha wala kumsomesha. Amfundishe, au amkataze, au amwendee komine kama shahidi. Moja inatosha, ilimradi mama wa mtoto ajue.

Nanyi wanangu, kabla ya Jumapili fanyeni matatu. Muulizeni mama majina, mkaandike. Chagueni mtu mmoja wa kazi na mmoja wa kuwakataza, mkawaambie wenyewe. Wekeni karatasi zote mahali pamoja, na mwonyesheni mdogo wenu zilipo. Asiyejua kuandika aje na daftari tupu. Niko chini ya mwembe wa ufukweni kila baada ya sala ya alasiri, na nitamwandikia mimi mwenyewe.